Kilemba, Lafudhi na Kiti cha Jaji

Mwezi Julai 1982 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba sheria ya kuzuia ubaguzi wa rangi haiwahusu Masingasinga. Kesi ilikuwa ya mtoto mmoja wa Birmingham aliyenyimwa nafasi shuleni kwa ajili ya kilemba chake. Mwalimu mkuu alitaka mtoto avue kilemba na akate nywele; baba akagoma. Familia iliegemea Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya 1976, ambayo iliwalinda watu kwa rangi yao, taifa lao au asili yao, lakini si kwa dini yao. Lord Denning, jaji mwenye jina kubwa kuliko wote nchini humo wakati ule, akasema Masingasinga ni watu wa dini tu. Familia ikashindwa.

Mwaka huohuo, mzaliwa wa Nairobi aitwaye Mota Singh aliapishwa kuwa jaji wa mzunguko mjini London. Alikalia kiti akiwa amevaa joho la zambarau na mshipi mwekundu begani, kama majaji wote wa ngazi yake wanaosikiliza jinai. Tofauti ilikuwa kichwani. Wenzake walivaa wigi la nywele za farasi, vazi la majaji wa Kiingereza tangu karne ya 17. Yeye alivaa kilemba. Hakuna jaji aliyewahi kufanya hivyo Uingereza kabla yake, na hakuna mtu mwenye asili ya Asia aliyewahi kuwa jaji huko kabla yake.

Basi nchi moja, katika mwaka mmoja, ilimwambia mtoto kwamba kilemba chake hakina ulinzi wa sheria, kisha ikampa mtu mzima mwenye kilemba mamlaka ya kufunga watu jela. Mwezi Machi 1983 Baraza la Malordi lilibatilisha uamuzi wa Denning, na mtoto yule akapata haki yake. Lakini mimi navutiwa zaidi na ile miezi ya katikati, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mhamiaji anavyopanda hadi kiti cha jaji. Hapandi baada ya nchi kumkubali. Mara nyingi anapanda wakati nchi bado inabishana kuhusu watu wake.

Mota Singh alizaliwa mwaka 1930, Nairobi ikiwa na umri wa miaka 31 tu tangu reli ifike hapo na kupiga kambi. Reli hiyo ndiyo iliyowaleta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, na ingawa wengi walirudi kwao, waliobaki walikuta ngazi yao imekwishapangwa. Mzungu juu, Mwafrika chini, Mhindi katikati, mwenye duka, fundi au karani. Barabarani Singasinga yeyote aliitwa Kalasinga, na mpaka leo watoto wa Nairobi wanaita hivyo bila kujua jina limetoka wapi. Mota Singh alipofika miaka 16, baba yake alifariki. Kijana akashika mzigo wa nyumba. Alifanya kazi ya ukarani relini, kisha katika ofisi ya mawakili, na huko ndiko alikoiona sheria kwa karibu, kwenye mafaili ya watu wengine.

Kutoka kwenye kiti cha karani hadi kiti cha wakili hapakuwa mbali kwa macho, ila njia ilipita London. Koloni la Kenya halikuwa na chuo cha sheria. Aliyetaka uwakili alipaswa kupata nauli ya meli, ada, na mtu wa kulisha familia yake akiwa hayupo. Kisha alijiunga na moja ya vyama vinne vya kale vya mawakili wa London, ambavyo vilidai mitihani na, kwa ajabu ya Waingereza, kula. Mwanafunzi alitakiwa kula chakula cha jioni ukumbini idadi fulani ya mara kila muhula, amevaa joho, ameketi kwenye meza ndefu na wenzake. Asiyekula hakuitwa uwakilini hata kama amefaulu kila karatasi. Mota Singh aliondoka Nairobi mwaka 1954, mwaka ambao serikali ya hali ya hatari ilizunguka mji kwa askari na kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Mwaka 1956 aliitwa uwakilini na chama cha Lincoln's Inn, akarudi nyumbani.

Inafaa kutaja hapa kwamba mtu aliyeongoza kamati ya serikali ya Uingereza iliyochunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, na kutoa ripoti mwaka 1961, alikuwa Denning huyohuyo. Mwaka huohuo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Chuo cha Sheria cha Kenya kikafuata. Kizazi kilichokuja baada ya Mota Singh hakikulazimika kupanda meli wala kwenda kula karamu za Kiingereza. Yeye alikuwa miongoni mwa wa mwisho waliopita kwenye mlango mwembamba.

Nairobi alifanya uwakili na akawa diwani wa jiji. Alikuwa mtu na watu wake. Mwaka 1965, Kenya ikiwa na mwaka mmoja na ushei tangu uhuru, alihamia Uingereza na familia yake. Wahindi wa Kenya walikuwa wamepewa miaka miwili baada ya uhuru waamue: uraia wa Kenya au pasi ya Uingereza. Wengi waliyumba. Miaka mitatu baada ya Mota Singh kuondoka, msongamano kwenye uwanja wa ndege wa Embakasi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Bunge la Uingereza lilipitisha ndani ya wiki moja sheria ya kuwafungia mlango watu wenye pasi za Uingereza yenyewe. Aliyetangulia alipona.

Lakini alipona na nini? Nairobi alikuwa wakili na diwani. London alikuwa mtu wa makamo mwenye kilemba anayetafuta ofisi. Hapa ndipo hadithi za uhamiaji zinapotudanganya. Tunapenda kusema mhamiaji alianza sifuri. Si kweli. Huyu hakuanza sifuri. Alirudishwa sifuri, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu anayerudishwa anabaki na elimu yote, kiburi chote na kumbukumbu yote ya jinsi alivyokuwa akiamkiwa mahakamani.

Wakili wa Kiingereza wa mahakamani hakupata wateja kwa kuweka bango. Kesi zililetwa na mawakili wa ofisini, na ndani ya ofisi yake alikuwapo karani aliyegawa mafaili. Karani akikuamini, unakula. Asipokuamini, unaketi ukisoma gazeti. Miaka ile mawakili wengi wenye asili ya Asia na Afrika walijikuta wamejazana katika ofisi chache zilizokubali kuwapokea, wakigombania kesi ndogondogo. Uteuzi wa majaji nao ulifuata tabia hiyohiyo. Hapakuwa na tangazo la nafasi. Matangazo ya kazi za ujaji yalianza kutolewa mwaka 1994 tu. Lord Chancellor, waziri mwenye mamlaka hayo, aliuliza majaji wakubwa kwa siri: huyu mnamwonaje? Anafaa? Ni mwenzetu? Majibu yaliandikwa kwenye faili ambalo mhusika hakuonyeshwa. Tume huru ya uteuzi wa majaji ilianza kazi mwaka 2006, miaka minne baada ya Mota Singh kustaafu.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi alipaswa kufanya jambo gumu kuliko mtihani. Alipaswa kuwa mada ya mazungumzo mazuri kwenye vyumba ambavyo yeye mwenyewe hakuwemo. Mwaka 1978 alipewa cheo cha Wakili wa Malkia. Mwaka 1982 ukaja ujaji. Hesabu inatoka miaka 17 tangu ashuke Uingereza na miaka 26 tangu aitwe uwakilini.

Na ni vizuri kukumbuka hewa ya mwaka huo. Miezi michache kabla ya hukumu ya kilemba, Denning alikuwa ametoa kitabu ambamo aliandika kwamba baadhi ya wahamiaji weusi hawafai kukaa kwenye juri. Watu wawili weusi waliokuwa wamehudumu katika juri ya kesi ya ghasia za Bristol walijiona wametajwa, wakatishia kushtaki. Kitabu kikaondolewa madukani, mzee akaomba radhi, na mwezi Septemba akastaafu. Mtu aliyekuwa anashangaa kama mhamiaji anafaa kuwa mmoja wa wale 12 wa juri aliondoka mahakamani mwaka uleule ambao mhamiaji alikaa juu ya juri yote.

Mota Singh alihukumu mpaka mwaka 2002, akijulikana zaidi kwa Mahakama ya Southwark, kusini mwa mto Thames. Mwaka 2010 Malkia alimtunuku cheo cha Sir. Mwaka huohuo alisema hadharani kwamba watoto wa Kisingasinga waruhusiwe kuvaa kirpan shuleni, kile kisu kidogo cha dini, na akaeleza kwamba yeye mwenyewe amekuwa akikivaa kwa miongo kadhaa, hata alipokuwa akihukumu na hata alipokwenda kwenye kasri la Malkia. Sijui ni mshtakiwa yupi wa kesi ya kubeba silaha aliyewahi kusimama mbele yake, lakini ningelipa nauli kuisikiliza kesi hiyo. Alifariki mwaka 2016.

Sasa tuvuke bahari na miaka 40, twende kwenye nchi ambayo jaji haulizwi kwa siri. Anaomba kura kwenye maegesho ya magari ya kanisa.

Kaunti ya Fort Bend iko kusini magharibi mwa Houston, Texas. Zamani ilikuwa nchi ya miwa. Baada ya utumwa kufutwa, wenye mashamba walikodishiwa wafungwa, wengi wao Wamarekani Weusi, wafanye kazi ileile kwa jina jingine. Mwaka 2018 mafundi waliokuwa wakijenga shule katika mji wa Sugar Land walichimbua mabaki ya watu 95 wa wakati huo. Leo mashamba yamekuwa mitaa ya nyumba za matofali, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 822,779, takribani mmoja kati ya watano akiwa na asili ya Asia. Wahandisi, madaktari, manesi, wenye maduka. Tarehe 1 Januari 2023 mahakama ya 240 ya wilaya, yenye makao Richmond, mji mkuu wa kaunti hiyo, ilipata jaji mpya. Anaitwa Surendran Pattel, na alipokuwa kijana alisokota sigara.

Sigara zenyewe huitwa beedi. Jani kavu la mti wa tendu hukatwa kipande cha mstatili, huwekwa tumbaku kidogo katikati, likasokotwa kwa vidole viwili likawa jembamba upande mmoja na nene upande wa pili, likafungwa kwa uzi. Malipo ni kwa kila beedi 1,000. Kaskazini mwa Kerala kazi hii ilikuwa na desturi moja ya kupendeza: katika karakana, wasokotaji walimchagua mwenzao awasomee gazeti au riwaya kwa sauti huku mikono yao ikienda, na wao wakamsokotea sehemu yake ili asipoteze ujira. Watu ambao hawakufika mbali shuleni walijadili siasa za dunia kama maprofesa.

Pattel alikulia katika wilaya ya Kasaragod, wazazi wake vibarua wa kutwa. Alisokota beedi na dada yake usiku ili nyumba iende. Baada ya darasa la kumi matokeo hayakuwa mazuri, akaacha shule, akasokota mwaka mzima. Kisha akarudi. Chuoni alikosa masomo mengi kwa sababu ya kazi, na walimu walitaka kumzuia asifanye mtihani. Hakutaka kuwaambia shida zake, asije akahurumiwa. Aliomba tu apewe nafasi, na kama asipofanya vizuri ataondoka mwenyewe. Matokeo yalipotoka alikuwa wa kwanza. Alisoma sheria Kozhikode huku akifanya usafi wa vyumba hotelini, akahitimu mwaka 1995, akafanya uwakili katika mji mdogo wa Hosdurg, kisha Delhi, hadi kwenye kesi za Mahakama ya Juu ya India.

Mwaka 2007 mke wake, ambaye ni nesi, alipata kazi Marekani.

Msomaji wa Kisii au Eldoret anaijua sentensi hiyo kwa moyo. Nesi ndiye anayetangulia, kwa sababu hospitali za Texas zinamtaka. Mume anafuata na shahada yake mkobani, anagundua kwamba shahada haina soko. Mwili wa mgonjwa ni uleule Kozhikode na Houston, kwa hiyo anayejua kuuhudumia anapita. Sheria ni mali ya mahali. Ujuzi wa miaka 10 wa jinsi ya kumhoji shahidi mbele ya jaji wa Kerala haununui hata mkate. Wakili wa Delhi akafanya kazi kwenye duka la vyakula.

Kilichomwokoa, kwa maoni yangu, ni kitu ambacho mwenyewe hakukichagua: India ilitawaliwa na Waingereza. Texas huruhusu wakili wa nchi nyingine kufanya mtihani wake wa uwakili kwa masharti, na masharti ni mepesi zaidi kwa aliyetoka nchi inayofuata mfumo wa Kiingereza, ule wa kesi zilizotangulia kuongoza kesi zinazofuata. Wakili wa Mombasa au Dodoma yumo. Wakili wa Lubumbashi au Bujumbura, aliyelelewa kwenye kanuni za Kibelgiji, huambiwa kwanza arudi darasani akasome shahada ya uzamili kwenye chuo cha Kimarekani, akiwa na watoto na kodi ya nyumba. New York hufanya vivyo hivyo. Watu wawili wanaongea Kiswahili kimoja, wamekuja kwa ndege moja, na mpaka uliochorwa na wakoloni bado unawatenganisha kwenye fomu ya mtihani.

Mtihani wenyewe, wakati huo, ulikuwa wa siku mbili na nusu. Mbali na mikataba na jinai, Texas ilitaka mtahiniwa ajue mambo yake ya nyumbani: haki za mafuta na gesi chini ya ardhi, na mali ya pamoja ya mume na mke, kanuni iliyoachwa na Wahispania. Pattel alifaulu mara ya kwanza. Kisha akaomba kazi, barua kwa barua, na ofisi za mawakili hazikujibu. Alijiandikisha Chuo Kikuu cha Houston, akapata shahada ya uzamili mwaka 2011, akaanza kuchukua kesi za kandarasi na hatimaye akajitegemea. Mwaka 2017 akawa raia.

Uraia ndio ulikuwa ufunguo. Katiba ya Texas inamtaka jaji wa wilaya awe raia, awe amefanya uwakili au ujaji kwa muda uliowekwa, na awe ameishi wilayani kwa miaka miwili. Muda wa uwakili ulikuwa miaka minne. Mwezi Novemba 2021 wapiga kura waliupandisha hadi minane, kwa wanaoanza muhula kuanzia 2025. Wengine waliona ni kuinua kiwango. Kwa mtu aliyepata leseni akiwa na miaka 40, ni miaka minne mingine inayokatwa kwenye maisha ambayo tayari yalikatwa mara moja.

Na hapo ndipo siasa zinapoanza. Texas huchagua majaji kwa kura, tena kwa vyama. Jina la mgombea huwekwa kwenye karatasi na chama chake pembeni, kama mbunge. Mgombea anachangisha pesa, anachapisha mabango, anakaa nje ya vituo vya kura akipeana mikono. Wanasheria wengi wa Marekani wenyewe huona haya na mfumo huu, na nadhani wana sababu: mtu anayepaswa kutoogopa mtu yeyote analazimika kumwomba kila mtu. Majaji wazuri hufagiliwa nje kwa sababu ya upepo wa uchaguzi wa rais ambao hawana habari nao. Ukiniuliza niuchague kwa ajili ya Kenya au Tanzania, nitakataa.

Lakini nauliza swali la pili. Kwa mfumo wa minong'ono, mtu wa Fort Bend aliyeingia nchini akiwa mtu mzima, asiye na mwenzake wa chuo hata mmoja kati ya majaji, angenong'onwa na nani? Kura ni chafu, ila iko hadharani. Unaweza kwenda kuiomba. Mwaka 2018 Juli Mathew, naye mwenye asili ya Kerala, alichaguliwa jaji wa mahakama ya kaunti huko Fort Bend, na kila mhamiaji aliyekuwa na leseni ya uwakili akaanza kupiga hesabu.

Pattel aligombea mwaka 2020 akashindwa. Aligombea tena 2022. Kwenye kura za mchujo za chama cha Democrat alipambana na jaji aliyekuwa tayari kwenye kiti, mtu wa chama chake mwenyewe, na akamshinda. Mwezi Novemba akamshinda mgombea wa Republican. Baadaye alieleza kwamba kulikuwa na kampeni dhidi yake kwa sababu ya lafudhi yake, na kwamba hata ndani ya chama walikuwapo wasioamini kwamba anaweza kushinda.

Nadhani lafudhi ilikuwa kwake kile ambacho kilemba kilikuwa kwa Mota Singh, na ilikuwa na uzito zaidi. Kilemba kinaonekana, na macho huzoea baada ya wiki mbili. Lafudhi inasikika upya kila sentensi. Jaji kazi yake ni kusema: kusoma maelekezo kwa juri, kukataa swali la wakili, kutamka kifungo. Wanaomcheka mgombea kwa lafudhi wanajua wanakopiga.

Mahakama ya wilaya ya Texas si ile anayoifikiria msomaji wa Tanzania akisikia neno wilaya. Ni mahakama yenye uzito wa Mahakama Kuu yetu kwa mambo mengi: makosa mazito ya jinai mpaka mauaji, talaka, migogoro ya ardhi, madai makubwa ya fedha. Filamu zimetuzoesha kesi zenye juri, mawakili wakipiga meza. Asubuhi nyingi mahakamani hazifanani na hivyo. Ni foleni. Washtakiwa waliokwisha kuafikiana na mwendesha mashtaka huja mmoja mmoja kukiri kosa, na kila mmoja anahitaji dakika zake chache. Jaji anauliza: unaelewa shtaka? Kuna aliyekulazimisha? Unajua unaacha haki ya kusikilizwa na juri? Umesaini mwenyewe?

Katika maswali hayo yamo maneno ambayo sheria ya Texas inamlazimisha jaji kuyasema kabla ya kupokea kukiri kokote kwa kosa zito. Lazima amwonye mshtakiwa kwamba kama si raia wa Marekani, kukiri huku kunaweza kumfanya afukuzwe nchini, azuiwe kurudi, au anyimwe uraia. Onyo hili husemwa hata kama mtu mwenyewe alizaliwa mtaa wa pili. Majaji wengi huliharakisha, kama mhudumu wa ndege anayeonyesha mkanda. Kwa mshtakiwa asiye raia, ndilo neno zito kuliko miezi ya kifungo iliyokubaliwa. Anaweza kukubali miaka miwili ya uangalizi bila kulala jela hata siku moja, akatoka mlangoni akishukuru, na kumbe amesaini safari ya kurudi alikokimbia.

Houston ni moja ya miji iliyopokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo waliotoka kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda. Kwa hiyo onyo hilo, siku nyingine, hutolewa kwa Kiswahili na mkalimani aliyesimama begani mwa mshtakiwa, au kwa simu ya spika. Wakalimani wanajua ugumu wake. Mshtakiwa wa Uvira anasikia kufukuzwa, anaitikia kwa kichwa kwa heshima kwa sababu kwao mtu habishani na hakimu, na mahakama inaandika kwamba ameelewa. Jaji aliyewahi kusubiri barua ya idara ya uhamiaji kwa miaka 10 pengine atasimama hapo kidogo, aulize tena kwa maneno mengine. Pengine hatasimama, kuna wahamiaji waliopanda wakawa wakali kuliko wenyeji, wasije wakaambiwa wanapendelea. Sheria haimlazimishi kuwa mpole, inamlazimisha kusema.

Nimewaangalia hawa wawili kwa kirefu kwa sababu mmoja aliteuliwa na mwingine alichaguliwa, na bado muda wao unakaribiana: miaka 17 kutoka Nairobi hadi kiti cha London, miaka 16 hivi kutoka Delhi hadi kiti cha Richmond. Milango tofauti, foleni ndefu ileile. Wote walikuwa mawakili kabla ya kufika. Ndiyo maana hadithi zao, pamoja na uzuri wake, hazimsaidii sana dereva wa lori wa Tanga aliyeko Leicester ambaye hakusoma sheria kabisa.

Kwake iko njia nyingine, isiyo na magazeti. Uingereza na Wales, zaidi ya asilimia 90 ya kesi za jinai huishia kwenye mahakama za chini, ambako huketi mahakimu wa kujitolea. Kwa kawaida wanakaa watatu watatu, hawalipwi mshahara, hawatakiwi kuwa na shahada ya sheria. Karani mwanasheria huketi mbele yao na kuwaambia sheria inasemaje. Wanatakiwa wawe na angalau miaka 18, watoe siku zisizopungua 13 kwa mwaka, na wajulikane kwa busara na tabia njema. Sheria haidai hata wawe raia wa Uingereza. Jaji wa wilaya wa Texas anadaiwa uraia, hakimu huyu hadaiwi.

Mweusi anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kukalia kiti hicho ni Eric Irons wa Nottingham, mwaka 1962, miaka 20 kabla ya kilemba cha Mota Singh. Alizaliwa Jamaika, akaja Uingereza na jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili, akabaki, akafanya kazi kwenye ghala la jeshi karibu na mji. Mwaka 1958 mtaa wa St Ann's ulilipuka kwa ghasia kati ya weupe na weusi, na mji ukaanza kuhitaji watu wanaosikilizwa pande zote mbili. Irons alikuwa tayari amejipatia jina kwa kuibana idara ya mabasi ya jiji, iliyokuwa haitaki kuajiri weusi, mpaka ikalegea. Alihukumu kwa karibu miaka 30. Kondakta mweusi aliyepigwa na abiria, na abiria aliyempiga, wote wawili waliweza kujikuta mbele yake Jumatatu asubuhi, na ilibidi awasikilize sawasawa.